Ushindi wa vita huanzia ghalani

Kuna imani iliyoota mizizi katika vyumba vyetu vya walimu kwamba michezo ya kompyuta ni upotezaji wa wakati, na kwamba mwanafunzi aipendaye amekwisha kuyapa masomo kisogo. Sina nia ya kuwatetea wanaokesha mbele ya kioo hali kazi ya ziada haijaguswa. Hata hivyo, upo mchezo mmoja ambao, kwa maoni yangu, unaeleza jinsi vita vinavyoanza, vinavyoendeshwa na vinavyomalizika kwa ufasaha unaoyashinda mengi ya yale tunayowaandikia wanafunzi ubaoni. Mchezo huo ni EVE Online, na madhumuni ya makala haya ni kuwaomba walimu wa Historia, pamoja na wanafunzi wao, wauangalie kwa jicho la mtafiti.

Kwa wasioujua, EVE Online ulizinduliwa mwezi Mei mwaka 2003 na kampuni iitwayo CCP, ya mjini Reykjavik, nchini Iceland. Huchezwa kupitia intaneti, na pana jambo moja linaloutenga na michezo mingi ya aina yake. Michezo mingine huwagawa wachezaji katika nakala nyingi za ulimwengu ule ule, mithili ya madarasa ya shule moja yasiyoonana. Katika EVE, ukiwatoa wachezaji wa China walio na ulimwengu wao, watu wote hukutana mahali pamoja: Mrusi, Mmarekani, Mjerumani na Mwaustralia huzunguka katika anga moja yenye mifumo ya nyota zaidi ya 5,000. Katikati ya anga hiyo ipo mikoa inayolindwa na askari wa mchezo wenyewe. Pembezoni hakuna askari wala hakimu. Huko ndiko wachezaji wanakojitwalia maeneo, wakajenga ngome na kuunda dola zao.

Dola hizo hujengwa kwa ngazi. Wachezaji wachache huunda kampuni. Kampuni kadhaa hushikana kuwa muungano wenye jina, bendera na viongozi. Nayo miungano hufunga mapatano ikawa kambi kubwa zenye maelfu ya watu. La kuzingatia zaidi ni hili: takriban kila manowari ya angani inayoingia vitani imeundwa na mchezaji fulani, kwa madini yaliyochimbwa na mchezaji mwingine na kusafirishwa na wa tatu. Ikilipuliwa, imepotea. Hairudi kwa kubonyeza kitufe kama ilivyo katika michezo mingine. Ndiyo maana hasara huko huuma, na ndiyo maana watu hufikiri kabla ya kupigana.

Je, muungano wa namna hiyo huendeshwa na nani? Mtu angedhani kwamba hodari wa kulenga shabaha ndiye mfalme. La hasha! Ukichungulia ndani utakuta kitu kinachofanana mno na serikali. Pana watu wa hazina wanaotoza kodi na kulipa ada za maeneo. Pana watu wa uchukuzi wanaohamisha mafuta na silaha usiku na mchana. Pana majasusi, mabalozi, waajiri, na walimu wa kuwafundisha wanachama wapya. Miungano iliyopevuka huwa na mpango wa fidia: mwanachama akipoteza manowari yake akiwa vitani kwa amri ya kamanda, hazina humlipa thamani yake. Muungano usioweza kulipa fidia hauna jeshi kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna atakayekubali kufilisika kwa ajili ya bendera isiyomjali. Uchumi wa mchezo huu ulipanuka kiasi kwamba mwaka 2007 CCP ilimwajiri mtaalamu wa uchumi, Eyjólfur Guðmundsson, auchunguze kama wanavyochunguzwa watu wa nchi. Mwaka 2014 bwana huyo aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri. Nani atasema hayo ni mambo ya kitoto?

Ngoja sasa nieleze vita vyenyewe. Ngome ya adui haiangushwi kwa shambulio moja. Ikipigwa hadi kiwango fulani, hujifunga kwa muda uliowekwa, na haiwezi kuguswa tena hadi muda huo utimie. Mwenye ngome ana sauti katika kuchagua saa ya kufunguka kwake, naye kwa kawaida huchagua saa ambayo watu wake wako macho na adui amelala. Kwa hiyo kamanda wa upande wa pili hulazimika kuwaamsha askari wake saa tisa za usiku, mwalimu kwa mwanafunzi, karani kwa fundi, wote wakiwa na kazi zao za asubuhi. Muungano ulio na watu wa pande nyingi za dunia huwa na nguvu kuliko ule wenye mashujaa wengi wa saa moja tu. Na watu wanapokuwa maelfu mahali pamoja, kompyuta zinazobeba mchezo huelemewa; hapo mchezo wenyewe hupunguza mwendo wa wakati, hata ikafika kasi ya sehemu moja tu kwa kumi. Jambo la dakika moja likachukua dakika kumi. Vita vikubwa basi si mbio za farasi. Ni kazi ya kukaa na kungoja, na anayeshinda aghalabu ni yule ambaye watu wake hawakuondoka kwenda kulala.

Mfano ulio mashuhuri ni wa tarehe 27 Januari 2014, katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB. Kambi mbili kubwa zilikuwa zimekabana koo tangu mwishoni mwa mwaka 2013. Mfumo huo ulikuwa kituo cha jeshi la kambi moja, ambayo ndani yake mlikuwa na muungano wa Pandemic Legion. Kila eneo linalomilikiwa lina ada yake, na ada ya B-R5RB, kwa jambo lionekanalo dogo kabisa, haikulipwa. Mara umiliki ukaanguka. Wapinzani wao, waliokuwa ni kambi ya CFC na miungano ya Warusi, walitambua na kuingia mbio mbio. Kila upande ukaita wenzake, na wenzake wakaita wenzao. Vita hivyo vilidumu takriban saa 21 na kuwashirikisha wachezaji 7,548, huku 2,670 wakiwamo humo kwa pamoja vilipopamba moto. Titani, ambazo ndizo manowari kubwa kuliko zote na ambazo kuundwa kwake ni kazi ya watu wengi kwa muda mrefu, ziliteketea 75. Waliosahau ada walipoteza 59. Wenzao walipoteza 16. Hasara yote ilikadiriwa kuwa trilioni 11 za fedha za mchezo. Kwa kuwa muda wa kucheza hununuliwa kwa pesa halisi na kuuzwa tena ndani ya mchezo, thamani hiyo iliweza kupimwa kwa sarafu ya kawaida: ilizidi dola 300,000 za Marekani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini mwalimu wa Historia ataona zaidi ya methali hapo. Tunawafundisha wanafunzi kupambanua sababu za mbali na sababu ya karibu ya vita, nao hukariri kwamba risasi ya Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa sababu ya karibu, pasipo kuielewa tofauti yenyewe. Tazama B-R5RB. Je, ada isiyolipwa ndiyo iliyoziteketeza Titani 75? Ndiyo, na siyo. Kama kambi hizo hazingekuwa zimejilimbikizia silaha na kuchukiana kwa miezi, ada hiyo ingelipwa kesho yake na mambo yakaisha. Na kama ada ingelipwa, baruti iliyokuwa imekwisha kurundikwa ingengoja kiberiti kingine. Mwanafunzi aliyekielewa kisa hiki hatahitaji kukariri tena.

Pesa ni uti wa mgongo wa vita hivi. Mwaka 2016 kambi iliyojiita Imperium, iliyotawala kaskazini ya anga, ilifurushwa kutoka katika nchi zake. Walioifurusha walikuwa mchanganyiko wa miungano mingi na askari wa kukodiwa, na waliowalipa askari hao walikuwa matajiri wa kamari, yaani wachezaji walioendesha nyumba za bahati nasibu kwa fedha za mchezo na ambao walikuwa wamekosana na Imperium. Matajiri hao hawakuhitaji kurusha hata kombora moja. Walifungua mkoba, na dola ikahama. Mwishoni mwa mwaka huo CCP ilipiga marufuku kamari hizo, lakini waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kufungasha virago na kwenda kujijenga upya katika mkoa wa Delve.

Hata hivyo, pesa peke yake haitoshi pasipo uaminifu, na mkoa huo wa Delve una historia ya kulithibitisha hilo. Miaka kadhaa kabla ya hapo ulikuwa makao ya Band of Brothers, muungano uliotisha kuliko yote ya zama zake. Mwezi Februari mwaka 2009 mmoja wa wakurugenzi wake alihamia upande wa Goonswarm, mahasimu wao. Alikuwa bado na madaraka ya ofisi yake, akayatumia kuuvunja muungano mzima kwa usiku mmoja. Goonswarm wakalisajili jina hilo wao wenyewe ili wenyewe halisi wasiweze kulirudia. Haki za umiliki wa maeneo zikapotea pamoja na jina, na maelfu ya askari wasioshindwa vitani wakaamka hawana nchi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na asicheke mshindi: mwaka uliofuata Goonswarm nao walisambaratishwa na kiongozi wao wenyewe, wakaipoteza Delve hiyo hiyo. Funzo ni lile lile kwa wote wawili. Walijenga nyumba kubwa, wakampa mtu mmoja funguo zote.

Nani basi hudumisha dola za namna hii? Mara nyingi ni watu wa maneno. Miongoni mwa waliosifika alikuwako balozi wa Goonswarm aliyejulikana mchezoni kwa jina la Vile Rat. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na maadui, kupatanisha washirika walionuniana, na kujua nani yu tayari kumwacha nani. Jina lake halisi lilikuwa Sean Smith, mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, naye aliuawa tarehe 11 Septemba 2012 katika shambulio la Benghazi, nchini Libya, pamoja na balozi Chris Stevens. Baada ya kifo chake wachezaji wa kambi zote, waliokuwa wakipigana kila siku, walibadilisha majina ya vituo vyao kwa ukumbusho wake. Simtaji ili kuupamba mchezo. Namtaja kwa sababu waliompigania na waliompiga walikubaliana kwamba mtu aliyetumia ulimi ndiye aliyekuwa nguzo.

Vita virefu kupita vyote vya miaka ya karibuni vilianza Julai 2020 na kumalizika Agosti 2021. Miungano mingi ilijiunga kuiangamiza Imperium huko Delve. Mwezi Oktoba 2020 watu 6,557 walikuwamo kwa wakati mmoja katika vita vya mfumo wa FWST-8. Kufikia mwisho wa mwaka, katika mfumo wa M2-XFE, Titani 257 ziliteketea, zaidi ya mara tatu ya zile za B-R5RB. Waliozingirwa walipoteza sehemu kubwa ya nchi yao, wakabaki na ngome yao ya mwisho. Na bado, baada ya miezi kumi na mitatu, waliorudi nyuma ni washambuliaji. Walichoka. Ghala la waliozingirwa lilikuwa limejaa tangu miaka ya amani, watu wao walikuwa nyumbani, na hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Washambuliaji walikuwa wengi, lakini kila mmoja alikuwa na kwao.

Ukiyaunganisha hayo yote, msomaji, utaona neno moja linajirudia. Dola hizo hazikushindwa kwa uhaba wa mashujaa. Moja ilishindwa kwa sababu hakuna aliyelipa ada, nyingine kwa sababu matajiri walikuwa upande wa pili, nyingine kwa sababu funguo zilikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Iliyosalimika ilisalimika kwa akiba yake. Vita huamuliwa na wenye kuhesabu, wenye kubeba, wenye kupatanisha na wenye kuaminika, kisha ndipo mpiganaji anapokuja kutia muhuri.

Najua hoja ya kupinga nitakayoletewa. Wapo watakaosema kwamba mchezo huo huruhusu ulaghai na usaliti, hivyo hauna maadili ya kumfundisha mtoto. Ni kweli kwamba kanuni zake zinaruhusu hila ndani ya mchezo. Lakini historia ya wanadamu nayo tunaifundisha pamoja na wasaliti wake, wala hatuwafichi wanafunzi habari zao. Hoja iliyo nzito zaidi ni nyingine, nami naikubali: katika EVE hakuna afaye. Mchezaji hupoteza manowari, akalaani, akaenda kula chakula cha jioni. Mchezo unaweza kutufundisha vita vinavyoendeshwa; hauwezi kutufundisha vita vinavyogharimu. Kwa hilo hatuna budi kurudi kwetu.

Sisi tunaoishi Nairobi tunapita Kariokor kila siku, kama wenzetu wa Dar es Salaam wanavyopita Kariakoo. Majina hayo mawili ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Barabara zilikuwa haba na mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo. Basi chakula na risasi za majeshi vikabebwa kichwani na Waafrika kwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wao ndio waliokuwa uchukuzi na ghala la vita vile. Bila wao hakuna jenerali ambaye angesogea hata maili kumi.

Na tuliwakumbuka vipi? Katika mnara wa askari ulioko mjini Nairobi yumo mpagazi mmoja wa shaba, lakini majina hayamo. Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Linganisha na haya: mwaka 2014, bandarini Reykjavik, CCP ilijenga mnara uliochorwa majina ya wachezaji wake, mchimba madini na mchukuzi pamoja na kamanda. Watu wa mchezo wameandikwa kwenye mnara wa kweli. Watu wa vita vya kweli hawakuandikwa popote. Sioni haya kusema kwamba hilo linaniuma.

Ndiyo sababu ombi langu kwa walimu wenzangu si kwamba tuwaingize wanafunzi mchezoni. Unakula saa nyingi na pesa pia, na wengi wao hawana kompyuta wala mtandao wa kutosha. Visa vyake vimekwisha kuandikwa. Mwandishi Andrew Groen alichapisha mwaka 2016 kitabu kizima, Empires of EVE, kuhusu vita hivyo. Mwalimu anaweza kukisimulia kisa cha B-R5RB kwa dakika kumi, kisha akawauliza wanafunzi: ni nani aliyesababisha? Nani alilipa? Nani alibeba? Wakishazoea kuuliza maswali hayo kuhusu Titani, wayaulize kuhusu vita vya mwaka 1914, kuhusu Maji Maji, kuhusu Mau Mau. Watagundua kwamba vitabu vyao vimejaa majina ya majemadari na kukosa majina ya waliowalisha.

Nanyi wanafunzi, mnaopenda kusikia habari za mashujaa, jiulizeni ni nani kijijini kwenu aliyepelekwa kubeba mizigo na hakurudi. Huenda babu ya babu yako alikuwa mmoja wao, na huenda wazee waliobaki ndio pekee wanaolijua jina lake. Liulizeni sasa, mliandike. Mtunza ghala akisahauliwa, hata ushindi wenyewe hauna mtu wa kuusimulia ipasavyo.